Bega bado, jamani
Mwaka wa pili huu tangu nishonwe lile gegedu linalozunguka kikombe cha bega. Lilichanika nilipoteleza juu ya mkarafuu nikabaki naning'inia kwa mkono mmoja. Operesheni haikushika. Mchana navumilia, usiku ndio kazi, nikigeukia kulia tu naamka na jasho. Kanzu naivaa kwa kutanguliza mkono mbovu, halafu mama watoto anamalizia kuivuta (na kucheka anacheka). Mazoezi ya mpira wa kuvuta nimeyarudia taratibu, kiwiko kimebana ubavuni, hayo angalau yananipa nafuu. Wa kunikanda kwa nguvu, ahsanteni, sitaki tena. Msimu huu karafuu nachambua tu barazani hapa Wete, na watoto wananiita bibi.