Glasi ya Orval Ilipofika Marangu

Niliifunga glasi kwa kitenge mara mbili nikaitia katikati ya mkoba, na njia nzima kutoka stendi ya Moshi hadi Himo nikaupakata mkoba huo kama mtoto mchanga. Konda alitaka kuutupa nyuma, juu ya magunia. Nikamwambia kuna kioo ndani. Akauliza kama ni kioo cha gari. Nikamjibu ni glasi ya bia.

"Marangu glasi zipo, kaka," akasema, akaendelea kudai nauli.

Glasi yenyewe ni ya Orval, bia inayopikwa ndani ya abasia ya Watrapisti kusini mwa Ubelgiji. Anayewajua watawa wa Peramiho au Ndanda atapata picha ya mahali pale: kuta nene, bustani, kengele, na watu wanaokula kwa kazi ya mikono yao. Glasi ina mguu mfupi mnene na mdomo mpana kama kikombe cha misa. Pamoja nayo nilibeba chupa mbili za bia hiyo, kwa kuwa si adabu kwenda kwa watu kunywa chao mikono mitupu.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za maabara, na kila mara inapokuja mashine mpya tunapelekwa Ulaya kujifunza. Wenzangu hurudi na viatu na manukato. Mimi hurudi na glasi. Nyumbani Tabata, Dar es Salaam, zimefika 31, na nina sharti moja: glasi haipandi rafuni kama sijaonja bia yake kulekule inakopikwa. Zote nimenunua au nimepewa, na kwa kila moja nakumbuka meza niliyokaa na hali ya hewa ya siku ile.

Mjini Gent, kwenye uwanja wa Vrijdagmarkt, kuna baa iitwayo Dulle Griet. Ukiagiza ile bia yao inayokuja kwenye glasi ya lita 1.2, unavua kiatu kimoja unawakabidhi. Kinatiwa kapuni, kapu linavutwa kwa kamba hadi darini, nawe unakunywa na soksi yako mpaka glasi irudi. Wateja walikuwa wakiondoka na glasi, ndiyo maana. Köln nako nilikutana na glasi nyembamba, imenyooka kama mshumaa, inachukua lita 0.2 tu. Mwanzoni niliona wanatunyima. Kumbe bia yao, Kölsch, hupoteza povu na ubaridi upesi, hivyo wanakupa kidogo, wanakuletea nyingine kabla hujaomba, na kila glasi mhudumu anaichora mstari kwenye kikadi chako. Ukitosheka, unafunika glasi kwa kikadi hicho. Tangu siku ile sijaweza tena kuiona glasi kama pambo. Aliyeitengeneza alikuwa amekwisha kuijua bia.

Basi mwezi mmoja kabla ya safari hii, mfanyakazi mwenzangu, Mchaga wa Marangu, alikuja nyumbani, akasimama mbele ya rafu muda mrefu. Akazisoma zote, Ubelgiji, Ujerumani, Uingereza. Kisha akauliza, "Sasa ya kwetu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Akanialika kwao Desemba, siku za kikao cha mahari ya mdogo wake, mama yake akiwa anapika mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi.

Moshi nililala usiku mmoja tu, na sina la kusimulia zaidi ya Kibo, iliyojitokeza alfajiri nyeupe kabisa, kisha saa mbili asubuhi ikawa imeshajifunika.

Kutoka Marangu Mtoni tulipanda kwa miguu. Mwenzangu aliniongoza katikati ya vihamba, migomba juu, mibuni chini yake, na mfongo wa maji ukipita pembeni mwa njia kwa sauti ya chini. Mama alikuwa uani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniangalia mkoba nilivyoupakata, akasema, "Karibu mwanangu. Umekuja siku nzuri, leo tunachanganya."

Nilifika mwishoni mwa kazi ndefu. Ndizi zilikuwa zimevundikwa mpaka zikaiva na kulainika, zikachemshwa saa nyingi hadi rangi ikawa nyekundu ya kahawia, zikapoa, zikaachwa zichachuke. Siku hiyo zilikuwa na takriban wiki moja kwenye pipa. Mama alifunua kifuniko akaniita nisikilize. Pipa lilikuwa linaongea, tsss, tsss, kama mvua inayoanza kwenye majani. Kilichochujwa humo wanakiita nyalu. Nikauliza ametia hamira gani. Akashangaa. Hamira ya nini? Chachu iko kwenye ndizi, iko kwenye pipa, iko hewani hapa uani.

Nilikaa kimya kidogo, maana maneno hayohayo niliwahi kuyasikia Brussels. Kipo pale kiwanda kidogo cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, ambako bia ya moto humwagwa jioni kwenye sinia kubwa la shaba chini ya paa, wanafungua madirisha, na chachu ya hewani inaingia yenyewe. Hawaipandikizi. Wanapika miezi ya baridi tu, kwa sababu joto huleta vijidudu wasivyovitaka. Watu hupanda ndege kwenda kuiona sinia ile. Nami nimelala miaka yote hii usiku mmoja tu kwa basi kutoka uani kwa mama huyu.

Ulezi ulikuwa tayari ni kimea: umelowekwa, umeota, umeanikwa, umesagwa. Mama na shangazi zake mwenzangu waliupika uji mzito, wakakoroga kwa zamu, jasho likiwatiririka. Uji ulipopoa ndipo ukatiwa msesewe, maji ya magome ya mti huo yaliyochemshwa. Nilionja tone moja kidoleni. Uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi na hauondoki haraka, uchungu wa kwinini hasa. Wazungu wana maua ya hopsi, Wachaga wana msesewe, na sababu ni ileile, utamu wa kimea ukiachwa peke yake unachosha. Mama hapimi kwa kijiko. Anaangalia rangi ya maji, anaonja, anatia, anaonja tena. Nilimwomba anieleze kiasi. Akaniambia ukizidisha, wanaume watalalamika, ukipunguza, watalalamika zaidi.

Wakachanganya uji na nyalu, wakafunika, tukaenda kulala.

Asubuhi ya Ijumaa mbege ilikuwa imekubali. Kabla mtu yeyote hajagusa, Mama alichota kwa kata, kibuyu kilichokatwa kikabakizwa na mkono wake mrefu, akanywa yeye kwanza mbele ya wote. Ndiyo desturi, mpishi anaonyesha kwamba alichokipika ni salama. Kisha akampa babu, mkubwa wa nyumba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mparachichi. Babu akanywa taratibu, akafuta mdomo, akasema neno moja la Kichaga. Shangazi wote wakacheka kwa raha, nikajua imefaulu.

Zamu yangu ilipofika niliomba ruhusa nijaribu kwenye glasi yangu. Nilitaka kuiona rangi, povu, na jinsi inavyokaa. Nimefanya hivyo kwa kila bia niliyowahi kunywa. Mama akanimiminia bila neno. Kwa nusu dakika ilikuwa nzuri, kahawia yenye wekundu, viputo vikipanda ukingoni. Halafu ulezi ukaanza kushuka. Ukatua chini kama udongo wa mto, juu yakabaki maji mepesi yenye uchachu, na nilipoinywa nikapata kitu kilichogawanyika, kikali mwanzoni, uji mwishoni.

"Sasa chukua hii," Mama akasema, akanipa kata. Akanionyesha kwa mkono wake: unaizungusha kidogo, mbege inapanda kuta za kibuyu, ulezi unaamka, ndipo unakunywa. Nikafanya hivyo. Ilikuwa kinywaji kingine kabisa. Utamu wa ndizi, kisha uchachu, kisha ile punje laini ya ulezi ulimini, na msesewe ukifunga mlango nyuma. Tako la kata halina kona hata moja ya kuficha machicha. Na sikuimaliza, kwa sababu jirani yangu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Kata ile ilikuwa ya watu sita.

Mchana nilifungua Orval. Nilimmiminia babu kwenye glasi yake halali, taratibu, nikaliacha povu lisimame. Hakuigusa kwanza. Alikuwa anaitazama nembo ya chupa, samaki aliyeshika pete mdomoni, akataka kujua. Nikamsimulia: mwanamke mtawala, Matilda, alidondosha pete yake ya ndoa kwenye chemchemi, akaomba, samaki akaibuka na pete mdomoni, naye akaliita bonde lile bonde la dhahabu. Babu akatikisa kichwa. Akasema mfongo wao nao una habari zake, lakini si za kusimulia mchana.

Ndipo akanywa. Akafumba macho.

"Hii ni mbege ya siku ya tatu," akasema. "Imeanza kwenda, lakini imekwenda vizuri."

Ningetamani watawa wa Orval wamsikie. Bia yao hutiwa chachu ya mwituni inapoingia chupani, nayo huendelea kubadilika humo miezi na miezi, ikikauka na kuongeza ladha ya ngozi na majani makavu. Babu hajawahi kusikia habari hizo. Ulimi wake ulijua. Tofauti ni kwamba chupa ile inasubiri, mbege haisubiri. Siku mbili, tatu, imegeuka siki. Ndiyo maana hakuna mtu atakayeikuta uwanja wa ndege, na ndiyo maana rafu yangu ilikuwa na pengo.

Jumamosi wageni walikuja, mambo ya mahari yakazungumzwa ndani, na hayo si yangu kuyaeleza. Kata ilizunguka tangu saa nne hadi jua kuzama.

Jumapili, kabla ya kuondoka, nilimwomba Mama aniuzie kata. Akakataa kwa upole. "Hii alinywea mama mkwe wangu. Haiuzwi, mwanangu." Kisha akaenda nyuma ya zizi, akarudi na kibuyu kizima kilichokauka, chepesi kama karatasi, mbegu zikilia ndani. Akaniagiza: kata kwa msumeno mwembamba, kwangua nyama yote, loweka, badilisha maji kila siku mpaka uchungu uishe, na usikiweke juani ghafla, kitapasuka. Nikamwambia "Aika," asante kwa Kichaga. Akacheka matamshi yangu.

Glasi ya Orval nilimwachia babu. Alikuwa ameishika tangu Ijumaa, akiwaonyesha wajukuu mahali penye jina, akiwasimulia habari za samaki, na sikuona namna ya kuiomba.

Mkoba niliupakata tena hadi Moshi, safari hii kukiwa na kibuyu ndani ya kitenge. Sasa kimekatwa, kiko kwenye ndoo jikoni Tabata, leo siku ya sita. Asubuhi nimeonja maji yake. Bado machungu.