Kichwa Ndani ya Friza

Jana mwanangu alikunywa soda kwa pupa, ikampanda puani. Akakunja uso, akapiga chafya mbili, kisha akaniuliza, "Baba, kwa nini gesi inauma?"

Nikampa jibu la kitabuni: gesi ya kaboni, yaani kabonidioksidi, ikikutana na unyevu wa puani huwa asidi hafifu, na pua haina subira na asidi. Akaridhika, akarudi kwenye chupa yake. Mimi nikabaki na kitambaa mkononi, mawazo yote yamehamia kwenye ile friza.

Friza yangu ya bia. Ile ya kulala, ya lita 200, ambayo shemeji aliikuta imekaa bure akasema hii si friza tena, hii ni kaunta. Wakati huo nilikuwa nimechoshwa na kutia chupani bia ninayoitengeneza nyumbani. Bia ya lita 19 ni chupa 38 za nusu lita, na kila moja inataka kuoshwa, kuuliwa vijidudu, kutiwa sukari yake kidogo, kufungwa kizibo, halafu kungojewa wiki mbili ijae gesi. Kegi, yaani pipa la chuma la bia, ni chombo kimoja, mfuniko mmoja, usafi mmoja. Sikuhitaji kubembelezwa.

Useremala nitaupitisha haraka. Ukuta wa friza ya namna ile hautobolewi ovyo, maana mabomba ya kupoza yamepita ndani yake, na drili ikigusa moja tu, friza imekufa. Kwa hiyo tuliunda fremu ya mbao za inchi 2 kwa 8, tukaikalisha kati ya mdomo wa friza na mfuniko, bawaba zikahamia kwenye mbao. Chini ya fremu silikoni, juu yake ukanda wa sponji ili mfuniko ubane vizuri. (Ukanda ule tuliubandika kwa ustadi mkubwa. Kumbukeni hilo.) Fremu inakupa pia kimo, kwa sababu kegi ya lita 19 ina urefu wa karibu sentimita 63 kabla hujaweka viunganishi juu yake. Matundu mawili ya milimita 22 kwenye ubao wa mbele, koki mbili, trei ya matone chini yake. Umeme wa friza ukapita kwenye kidhibiti joto cha nje kilichowekwa nyuzi 4, maana friza ukiiacha na akili yake itashuka hadi 18 chini ya sifuri na utakuwa na barafu ya lita 38. Kihisio cha kidhibiti tulikitumbukiza kwenye chupa ya maji. Kikining'inia hewani, kila ukifungua mfuniko kompresa inadhani kumekucha. Ubao wa kaunta ulipigwa msasa siku tatu na kupakwa vanishi tabaka nne, na hapo sina la kuongeza.

Likabaki suala la mtungi wa gesi ya kaboni, ile inayoingia kwenye bia na kuisukuma hadi kwenye koki. Ulikuwa wa kilo 2.3, na pale juu ya kompresa, ndani ya friza, pana kibaraza kama kimechongwa kwa ajili yake. Ukiuweka pale, nje hakuonekani mtungi wala mpira. Kaunta inabaki safi, koki mbili tu zinang'aa. Shemeji alisema ungekaa nje.

"Shemeji, mtungi ni kama jiko," alisema. "Haukai chumbani."

Nikamwambia friza si chumba. Nikafunga regulata, kifaa cha kupunguza presha ya gesi, kwenye mtungi pale sakafuni, nikaikaza kwa spana, kisha nikaunyanyua mtungi na kuuingiza ndani. Niliunyanyua kwa kushika regulata, kama mtu anavyoshika birika kwa mpini wake. Kosa lenyewe ni hilo, na nimeliandika kwa sentensi moja kwa sababu lilichukua muda wa sentensi moja.

Mengine yote niliyafanya kama inavyotakiwa. Oringi, ile pete ya mpira ya mfuniko wa kegi, niliipaka grisi ya vyakula. Nilifunga mfuniko, nikasukuma gesi ya psi 30 (psi ni kipimo cha presha) ili ukae sawasawa, maana mfuniko wa kegi hizi hubanwa na presha kutoka ndani, klipu ya juu inausaidia tu. Nikavuta vali ya kutolea hewa mara tano, kila mara nikijaza gesi upya, ili oksijeni itoke isije ikaipa bia ladha ya karatasi. Nikaishusha regulata hadi psi 12. Kwa nyuzi 4, presha hiyo huipa bia takribani ujazo mara mbili na nusu wa gesi, yaani lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita ya bia, ukiwa na subira ya wiki mbili. Nikachanganya sabuni ya vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia, nikapulizia mfuniko, midomo yote miwili ya kegi, kila klipu ya mpira. Hakuna kiputo. Nati ya regulata sikuipulizia. Ile niliikaza kwa mkono wangu, ningeishuku vipi?

Regulata ina geji mbili. Moja inaonyesha presha inayokwenda kwenye kegi, nyingine presha iliyo ndani ya mtungi. Siku ya kwanza ile ya mtungi ilishuka kutoka 830 hadi karibu 550. Nikajiambia: ni ubaridi. Na ni kweli, kaboni iliyo kimiminika ndani ya mtungi hukaa kwenye psi 830 hivi kwa nyuzi 20, na karibu 550 kwa nyuzi 4. Siku ya pili nikafunga vali ya mtungi kwa saa moja nione kama kuna uvujaji. Sindano zote mbili zikashuka. Nikajiambia: bia inakunywa. Na hilo nalo ni kweli, bia baridi isiyo na gesi huivuta kama mchanga unavyovuta maji, na kipimo kile cha kufunga vali hakina maana mpaka bia ishibe au kegi iwe tupu. Siku ya tatu sindano ya mtungi ilikuwa palepale, 550, nikaona mambo shwari. Kumbe geji ile haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Maadamu kuna tone la kimiminika ndani, itasimama palepale, iwe umebakiwa na kilo mbili au gramu mia. Kimiminika kikiisha ndipo inaporomoka. Anayetaka kujua kilichobaki hupima mtungi kwenye mizani na kutoa uzito wake mtupu, ambao umegongwa kwenye bega la chuma. Nilijua hayo yote. Ningeweza kumfundisha mtu.

Asubuhi ya siku ya nne niliamka mapema kuliko wengine. Nyumba kimya. Nikafungua mfuniko, na kutoka pale niliposimama sikuiona geji, maana regulata ilikuwa imegeukia ukutani. Nikainama. Mikono miwili juu ya fremu, kifua kikaegemea mbao, kichwa kikaingia ndani mpaka masikio yakahisi baridi. Sindano ilikuwa kwenye sifuri. Nakumbuka niliiona vizuri, na nakumbuka nilivuta pumzi ile ya mtu aliyeshtuka, ndefu, kwa pua.

Ikauma. Si harufu, gesi hii haina harufu. Ilikuwa mchomo, kama soda iliyopanda puani, ila soda hupanda kidogo na hii ilijaa pua yote mpaka nyuma ya macho. Koo likajifunga. Kifua kikataka pumzi nyingine, na hapo ndipo penye mtego wake: kaboni ikizidi mwilini, mwili haukuambii uondoke, unakuambia uvute tena, kwa nguvu na kwa haraka. Nikavuta tena. Machozi yakatoka. Nikasikia moyo masikioni, dum dum, kama mtu anapiga mfuniko wa friza kwa ngumi kutoka ndani. Sijui ni mikono iliyonisukuma au magoti yaliyolegea, ila nilijikuta nimekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kichwa kizito, nikiitazama koki yangu mpya. Ilikuwa na tone la unyevu kwenye ncha. Lilikua, likaning'inia, likaanguka kwenye trei. Nililisikia likianguka. Kisha lingine likaanza.

Sijui nilikaa pale muda gani. Labda dakika tano.

Hesabu niliipiga baadaye, kwa kalamu. Kilo 2.3 za kaboni zikigeuka hewa ni zaidi ya lita 1,200, na friza ni ya lita 200. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa chini kama maji kwenye beseni, na ukanda wangu wa sponji uliobandikwa kwa ustadi uliizuia isimwagike. Asilimia 4 tu ya gesi hiyo hewani huhesabiwa hatari kwa uhai, na kuanzia asilimia 10 mtu anaweza kuzimia upesi. Mle ndani ilikuwa ngapi sikupima.

Shemeji alipokuja hakusema neno. Aliwasha njiti ya kiberiti akaishusha taratibu ndani ya friza. Ilipofika usawa wa vichwa vya kegi ikazimika, bila kupepesuka, kana kwamba ameichovya majini. Akawasha ya pili. Ikazimika palepale. Mfuniko ulikuwa wazi tangu alfajiri.

"Unaona shemeji," akasema, "bado imo."

Tukafungua madirisha na mlango, tukaelekeza feni ndani ya friza nusu saa. Kuacha wazi peke yake hakutoshi, lazima uikoroge hewa ile itoke.

Kuutafuta uvujaji kulikuwa kazi ya dakika kumi mtungi ulipojazwa tena. Unafunga vali za kwenda kwenye kegi, unafungua mtungi, unaufunga tena, unatazama. Sindano ya mtungi ikishuka hapo, bia haina kosa, tatizo liko kwenye regulata au kabla yake. Ikashuka. Nikapulizia sabuni kwenye nati, juu hapakuwa na kitu. Shemeji akaleta kioo cha kunyolea ndevu, akakishika chini yake, na tukakiona: kiputo kimoja, kilichokuwa kikikua polepole, hakuna aliyekipuliza, kikapasuka, kingine kikaanza. Washa, kipete cha nailoni cha kuziba kati ya mtungi na regulata, ilikuwa imekaa upande. Mtungi mzito, umeninginizwa kwa regulata, nati ikazunguka kidogo tu. Washa mpya, spana, sabuni tena. Kilichopaswa kuzuia kilo 2.3 za gesi kilikuwa kipande kidogo tu cha nailoni.

Bia yenyewe ilikuja kunyweka, ingawa wiki ya kwanza koki ilitoa povu tupu. Nilikuwa nimekata mpira wa bia mita 1.5 ili upendeze, kumbe kwa kipenyo cha milimita 5 na psi 12 unataka mita 3 hivi ili msuguano uitulize bia kabla haijafika kwenye glasi. Watu hukimbilia kushusha presha, na povu hupungua siku mbili tatu, kisha bia inapoteza gesi na povu linarudi kwa sababu nyingine. Ongeza mpira. Na koki ifunguliwe yote, anayeifungua nusu kwa woga ndiye anayetengeneza povu.

Mtungi sasa unakaa nje, umefungwa kwa mkanda kwenye mguu wa kaunta, umesimama wima, mpira unapita kwenye tundu la fremu. Kila Jumamosi naupima. Kaunta imeharibika sura, mgeni wa kwanza alidhani ni mtungi wa kuzimia moto. Shemeji, ambaye ndiye aliyesema ungekaa nje tangu mwanzo, siku hizi ananiambia niurudishe ndani, kwamba washa ni mpya na dirisha lipo, nisiwe mwoga. Anaweza kuwa na haki. Uvujaji kwenye kegi yenyewe bado ungeijaza friza vilevile, mtungi uwe ndani au nje, kwa hiyo mkanda wangu na tundu langu havijamaliza kitu.

Leo asubuhi nimefungua mfuniko kubadilisha kegi, nikarudi hatua moja nyuma, nikahesabu hadi kumi. Mwanangu alikuwa nyuma yangu.

"Baba, unasubiri nini?"

Kuhesabu hakusaidii. Gesi nzito haiondoki kwa kuhesabiwa, nimeshaona njiti mbili zikizimika. Nikamwambia nasubiri ubaridi upungue. Akaitikia, akaenda zake, nami nikaenda kuchukua feni.