Mizizi ya Kigiriki na Kilatini katika Msamiati wa Kiingereza

Aliyepita chuo cha Kurani hapa Pemba hahitaji kufundishwa upya wazo la mzizi wa neno, kwani anajua kuwa kitabu, katibu na maktaba yote yanatokana na herufi tatu za Kiarabu. Kiingereza nacho, ingawa ni lugha ya ukoo mmoja na Kijerumani, kimejaa maneno ya Kilatini, mengi yakiwa yameingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ya Kigiriki yaliongezwa zaidi na wanasayansi.

Ninapomsaidia binamu yangu anayesomea uuguzi, huanza na kiambishi tamati -itis, ambacho katika utabibu huonyesha kuwa sehemu fulani ya mwili imeshika uvimbe. Akishajua kuwa hepar ni ini, nephros ni figo na arthron ni kiungo, basi hepatitis, nephritis na arthritis hufahamika bila ya kukaririwa kwa ghibu.

Mitego nayo ipo. Ped ya Kilatini ni mguu, nayo imo ndani ya pedestrian, mtembea kwa miguu. Lakini pediatrician, daktari wa watoto, limetokana na pais la Kigiriki, yaani mtoto, na ni tahajia ya Kimarekani tu iliyoyafananisha, kwa kuwa Waingereza bado huandika paediatrician. Kwa sababu hiyo humtaka afungue kamusi inayoeleza asili za maneno kila anapobahatisha, hasa kwa neno kama television, ambalo nusu yake ni Kigiriki na nusu Kilatini.