Mtawa wa El Greco mjini Boston

Ninapomaliza zamu za usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, siku ya mapumziko hupanda treni kutoka Lowell hadi Boston, na mara nyingi safari huishia mbele ya mchoro mmoja katika makumbusho ya Museum of Fine Arts, yaliyoununua mwaka 1904 kwa ushauri wa mchoraji John Singer Sargent.

Mchoro huo wa rangi za mafuta, wenye kimo cha sentimita 112 hivi, ulichorwa na El Greco mwaka 1609, nao unamwonyesha Hortensio Félix Paravicino, mtawa wa shirika la Utatu Mtakatifu, mhubiri na mshairi ambaye hata miaka thelathini alikuwa hajaifikisha. Ameketi kitini, amevaa kanzu nyeupe yenye msalaba wa nyekundu na buluu kifuani, na joho jeusi mabegani. Wataalamu huuweka katika Manerisimu, mtindo uliopenda kurefusha viungo vya mwili kupita kawaida. Mimi hutazama zaidi kidole alichokiingiza kati ya kurasa za kitabu kidogo. Katekista wetu kule Kibosho alikuwa hivyohivyo tulipomkatiza akisoma: kitabu hakukifunga, na macho yake yalitujia huku fikra zimebaki kwenye mstari aliouacha.

Mchoraji mwenyewe alikuwa mhamiaji. Doménikos Theotokópoulos alizaliwa Krete, kisiwa cha Wagiriki, mwaka 1541, akapitia Venezia na Roma, akafika Toledo, Hispania, mwaka 1577, na watu wakazoea kumwita El Greco, yaani Mgiriki tu, kama vile jina alilopewa na wazazi lilikuwa mzigo mzito mno kwa ndimi zao. Alipofariki mwaka 1614, Paravicino alimtungia soneti akisema kwamba Krete ilimpa uhai, na Toledo ikampa brashi pamoja na nchi iliyo bora zaidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na padri Paravicino, pamoja na heshima zote. Mtu aliyekaa Toledo miaka 37, akazidi kutia sahihi michoro yake kwa herufi za Kigiriki ambazo nadhani wateja wake wengi hawakuzijua, alikuwa na jibu lake kuhusu nchi iliyo bora, ila hakuulizwa.

Karatasi ya zamu kazini kwetu ina kisanduku kidogo cha jina. Wenzangu huandika herufi mbili; mimi hujaza majina yangu yote matatu, hata yakavuka mstari.