Alhamisi jioni Hartman Rocks, kabla theluji haijafunga njia

Watalii wakishaondoka, bonde la Gunnison linabaki kwa wenyewe. Hapa Colorado hilo huanza baada ya ile Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Ikifika Oktoba, kule Crested Butte migahawa kibao ya Elk Avenue imebandika karatasi mlangoni: tumefunga, tutaonana msimu wa theluji. Mimi ni mpishi kwenye mmoja wa migahawa hiyo. Zamu zinapungua na hela inapungua nazo, jambo ambalo sitalisifia. Lakini jioni zinakuwa zangu, na jioni za Alhamisi nimezikabidhi kwa mbio za baiskeli.

Naishi Gunnison, kilomita 45 hivi chini ya Crested Butte, maana kodi ya nyumba kule juu haishikiki kwa mshahara wa jikoni. Kuna basi la bure kati ya miji hii miwili, na asubuhi utatukuta humo wapishi, wasafisha vyumba na vijana wa ujenzi tukisinzia pamoja. Nikisema "chini" msinielewe vibaya, Gunnison yenyewe iko mita 2,348 juu ya usawa wa bahari. Nimezaliwa na kukulia Lushoto, nikaja hapa na kiburi changu cha mtu wa mlimani, na bado wiki za mwanzo nilikuwa nasimama katikati ya ngazi za ghorofani kutafuta pumzi.

Nusu ya pili ya Septemba ndipo miti ya aspeni inapogeuka rangi. Kwenye njia ya Kebler Pass, magharibi ya Crested Butte, kuna msitu wa aspeni mkubwa ajabu. Miti hii huchipua kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo kundi zima la mashina unayoyaona linaweza kuwa mti mmoja chini ya ardhi. Ndiyo maana mteremko haugeuki wote siku moja: ukoo huu umeshakuwa wa dhahabu, jirani yake bado kijani kibichi, na mpaka kati yao umenyooka utadhani umepimwa na bwana ardhi. Watu husimamisha magari na kupiga picha. Sisi wa baiskeli tunafurahi nusunusu, kwa sababu majani yakianguka yanafunika mizizi na mawe. Yakiwa makavu, hakuna neno. Yakilowa umande wa asubuhi, tairi la mbele linakuaga bila kukuambia linakokwenda.

Afadhali ni udongo. Mwezi wa nane njia ni vumbi tupu, unakula la mwenzako aliyetangulia. Mvua kidogo za Septemba zikipita, udongo unashikana, tairi linauma, na hata mtu wa kawaida anakata kona akajiona bingwa. Hizo siku hazidumu. Baridi ya usiku inakaza, theluji ya kwanza inapaka vilele, na kila mtu mjini anaanza kuishi kwa kutazama utabiri wa hali ya hewa.

Mbio zetu hufanyika Hartman Rocks, nje kidogo ya Gunnison, kwenye ardhi ya umma yenye mawe makubwa ya matale na vichaka vya seji. Ukivigusa vichaka hivyo kwa bega unabaki na harufu yake mpaka kitandani. Majira ya kuchipua sehemu ya njia hufungwa ili ndege waitwao sage-grouse wa Gunnison, ambao wamebaki wachache, wapandane bila bughudha. Vuli hakuna kizuizi hicho. Mpangilio wa mbio ni meza moja ya kukunja, karatasi ya majina, simu ya kuhesabia muda, na kopo la rangi lililooshwa ambamo kila mtu anatumbukiza dola chache za kutengenezea njia. Namba ya kifuani ukiipoteza unaandikiwa nyingine kwenye sahani ya karatasi.

Wanaokuja ni mchanganyiko. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Western Colorado, ambao wana miguu ya kutisha na baiskeli zinazozidi bei ya gari langu. Kuna fundi bomba anayekuja na suruali ya kazini. Kuna watoto wa sekondari wanaotumia Alhamisi kujinoa, kwa kuwa ligi ya baiskeli ya shule za Colorado hukimbizwa vuli. Kitu ninachokipenda kwenye ligi hiyo ni kwamba hakuna benchi la akiba: ukijiandikisha unapanda, mwepesi na mzito wote wanaingia njiani. Na kuna mama mmoja aliyevuka sitini, baiskeli yake ina gia moja tu, na sijawahi kumwona akishuka kusukuma.

Mbio zinaanzia maegeshoni na papo hapo zinapanda barabara ya changarawe ambayo wenyeji wanaiita Kill Hill. Jina linatosha, sina la kuongeza. Wanafunzi wanapotea machoni, fundi bomba anatukana polepole, na sisi wa nyuma tunasikilizana mapafu. Juu ndiko raha iliko. Matale yakichakaa humeguka kuwa chembe zinazolala juu ya mwamba mgumu, na kuzipita kwa kasi ni kama kukanyaga ulezi uliomwagwa sakafuni. Huwezi kufunga breki humo. Yule mama alinifundisha siku moja akiwa ubavuni pangu, bila hata kuhema: breki uimalize kabla ya kona, ndani ya kona uache tairi lizunguke, macho yawe kule unakotaka kutokea. Kisha akanipita. Tangu siku hiyo kona zangu zimenyooka, ila kumpita yeye bado.

Kuna Alhamisi moja ya mwezi wa kumi sitaisahau. Vuli wafugaji wa bonde hili hurudisha ng'ombe kutoka malisho ya juu, na siku hiyo kundi dogo lilikuwa limejisahau katikati ya kijia, bondeni, kati ya mwamba na mwamba. Nafika nakuta wanafunzi watano wamesimama, wamevaa nguo za kubana za rangi zote, wanawaambia ng'ombe "tafadhali". Nimechunga ng'ombe wa babu utoto wangu wote. Nikapiga mluzi, nikanyoosha mkono upande ninaoutaka, nikawaendea kwa pembeni na siyo kwa mbele, na jike kubwa lililokuwa likiongoza likageuka, wengine wakafuata. Nikapita wa kwanza. Kwa dakika chache nilikuwa naongoza genge lile la vijana wa chuo! Hazikuwa nyingi, walinikamata kwenye mwinuko uliofuata, lakini kila mmoja alinishukuru akipita, na mpaka leo mjini kuna wanaoniita mchunga ng'ombe.

Mtu mgeni anaweza kudhani haya yote yaliletwa na makampuni ya baiskeli. Sivyo. Crested Butte ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na mgodi wake mkubwa, Big Mine, ulifungwa 1952. Miaka ya 1970 vijana waliohamia huko walikuwa wanazungukia mitaa yenye mashimo kwa baiskeli nzito za mitumba, za gia moja. Mwaka 1976 waendesha pikipiki kutoka mji wa Aspen walivuka njia ya mlimani ya Pearl Pass, mita 3,872, wakaegesha mbele ya baa ya Grubstake na kuanza kujitapa. Vijana wa mji wakaona hii dharau. Mwezi wa tisa mwaka huohuo wakachukua hayo mabaiskeli yao, wakapanda na kusukuma mpaka ng'ambo ya mlima, Aspen, kujibu mapigo, bia zikiwafuata kwenye gari. Miaka miwili baadaye wakatokea wageni kutoka California kuuvuka mlima huo pamoja nao, wakiwemo Charlie Kelly, Gary Fisher, Wende Cragg na Joe Breeze, huyu wa mwisho akiwa juu ya baiskeli aliyoiunda kwa mikono yake 1977.

Hao wa California nao walikuwa na vuli yao. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, walishindana kwa saa kushuka mlima, urefu wa kilomita 3 hivi, kwa baiskeli za breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki hizo zilipata moto kiasi kwamba grisi ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, iliungua ikawa moshi, na ukifika chini ilibidi ufungue habu na kuipakia grisi upya. Hapo ndipo mbio zile zilipopata jina la Repack, yaani "pakia upya". Nilipomsimulia baba, ambaye ni fundi baiskeli Lushoto, hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu walitumia grisi gani.

Crested Butte wana chama chao cha baiskeli za mlimani tangu 1983, na njia zinatunzwa na watu wa kujitolea. Hili ndilo linaloniudhi kwa wanaokuja na baiskeli za bei mbaya, wakapanda kiangazi chote bila kushika hata jembe. Vuli ndiyo saa ya kazi, kwa kuwa theluji ikiyeyuka mwezi wa tano, maji yatatafuta kijia na kukigeuza mfereji. Kwa hiyo tunatoka na mapanga, na reki, na kile chombo chenye jembe upande mmoja na shoka upande wa pili, tunachonga ukingo wa chini ili njia iinamie nje kidogo na maji yamwagike kabla hayajapata nguvu. Mtoto wa Usambara hafundishwi hilo. Sisi tumelelewa na matuta. Mara ya kwanza msimamizi alikuja kuangalia sehemu yangu, akamwaga chupa yake ya maji juu ya njia, akayatazama yakitoka pembeni, akaondoka. Wiki iliyofuata akanipa watu wa kuwaonyesha.

Oktoba lazima uvae kitu cha rangi ya machungwa, kwa kuwa wawindaji wameingia porini kufuata elk, wale wanyama wa jamii ya kulungu walio wakubwa kama farasi wadogo. Mimi nina fulana ya mafundi barabara. Ni mbaya kuliko maelezo, lakini inaonekana kutoka kijiji cha pili.

Wengi hapa wakisikia natoka Afrika Mashariki wanauliza kwa nini sikimbii. Waliokomaa kwenye baiskeli huuliza habari nyingine: kama nilimfahamu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani na aliyefariki Agosti 2022 akiwa kwenye mbio kule Vermont. Sikumfahamu. Lakini nilifuatilia mbio za baiskeli za Migration Gravel Race zilipoanza Maasai Mara 2021, nikiona vijana wa kwetu wakibanana na Wazungu wa kulipwa kwenye changarawe, na ndipo nilipoanza kumsumbua baba kuhusu Lushoto. Tuna milima, tuna njia za vumbi, tuna vijana wanaoteremka na viazi nyuma ya Phoenix yenye breki za fimbo kwa kasi ambayo mwanafunzi yeyote wa hapa angelia. Kinachokosekana ni meza na kopo la rangi.

Jumapili nilimpigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshinda?"

"Sijashinda baba, nimemaliza."

"Aliyeshinda kapewa nini?"

"Soksi."

Kimya kirefu. Nikasikia spana ikiwekwa chini.

"Jozi ngapi?"

Nikamwambia moja, na keki ya maboga ambayo tuligawana wote. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwamba mbio za kuteremka kutoka Magamba mpaka mjini yeye anatoa mbuzi, ila kila baiskeli ipite kibandani kwake kwanza aikague breki, na asiyekubali kukaguliwa akae pembeni atazame.

"Na pancha baba, nani atalipia?"

"Kila mtu na pancha yake."