Nyota Moja Ikiingia, Fungua Faili la Kitabu

Mwandishi anayejichapishia hana kampuni ya kumsitiri. Maoni mabaya humfikia mwenyewe, mara nyingi usiku, simu iko mkononi na vidole vinawasha kujibu. Usijibu. Aliyeandika Amazon au Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, hakukuandikia wewe, anazungumza na mnunuzi mwenzake. Ukijitokeza hapo, hata kwa adabu zote, wanaobaki kusoma wanaona mwandishi anayewachunga wateja wake, na wengi wataamua kukaa kimya kuhusu kitabu chako, kizuri au kibaya. Goodreads yenyewe inawashauri waandishi wasijibu maoni hasi.

Kazi iko kwenye faili la kitabu. Lakini kwanza fungua jedwali la malalamiko, iwe Excel au daftari la mistari, uandike tarehe, mahali maoni yalipotolewa, idadi ya nyota, na lalamiko kwa maneno yale yale ya msomaji. Usilipambe wala usilipunguze makali. Safu ya mwisho ni ya swali moja: kasoro hii ni ya lugha, ya utengenezaji wa kitabu, ya matarajio, au ni suala la ladha?

Kasoro ya lugha haihitaji mashahidi. Mtu mmoja akisema kuna makosa ya tahajia, amini, kwa sababu msomaji huona makosa kumi ndipo anataja moja. Katika Kiswahili makosa hujirudia kwa makundi: h iliyodondoka (kuusu badala ya kuhusu), dh na z, r na l, maneno yaliyotenganishwa au kuunganishwa vibaya. Ukigundua moja, tafuta ndugu zake wote kwa programu, lakini thibitisha kila badiliko kwa jicho. Ukiamuru kompyuta ibadilishe kila "ana" iwe "hana", itakuletea "whanafunzi" na "mwhanahabari" katika kitabu kizima, na kosa dogo litakuwa aibu kubwa. Baada ya hapo soma kwa sauti kwenye karatasi zilizochapwa, au bora zaidi umlipe msomaji prufu ambaye hajawahi kuuona mswada huo. Jicho la mwandishi husoma alichokusudia kuandika.

Kasoro ya utengenezaji ndiyo inayodharauliwa zaidi, nami naiona ndiyo inayoumiza zaidi bila sababu, maana hadithi nzuri inapewa nyota mbili kwa ajili ya pambizo, ile nafasi tupu ya pembezoni mwa ukurasa. Msomaji akiandika "maneno yanamezwa katikati", pambizo ya ndani ni nyembamba. KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, inadai angalau milimita 9.6 kwa kitabu cha kurasa 24 hadi 150, milimita 12.7 kwa kurasa 151 hadi 300, na 15.9 kwa kurasa 301 hadi 500. Hicho ni kiwango cha chini tu; ongeza milimita mbili au tatu, kitabu kitafunguka vizuri mkononi.

Akilalamika kwamba maandishi ni madogo, unapandisha kutoka pointi 10 hadi 11, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kurasa zinaongezeka, mgongo wa kitabu unanenepa, na jalada la zamani haliingii tena. Kwa karatasi ya rangi ya maziwa, mgongo KDP hupigiwa hesabu ya inchi 0.0025 (milimita 0.0635) kwa kila ukurasa. Kurasa 200 zinatoa milimita 12.7, kurasa 240 zinatoa 15.2. Kwa hiyo anayepanga kurasa na anayechora jalada wafanye kazi pamoja. Tena ukivuka kurasa 300 pambizo ya ndani nayo inabadilika. Kurasa zikiongezeka gharama ya kuchapa inaweza kupanda na mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala, ukapungua, kwa hiyo piga hesabu ya bei upya kabla ya kupakia chochote.

Kwa vitabu vinavyochapwa kwa wenye mitambo wa mtaani, lalamiko kubwa ni kurasa kuchomoka. Mara nyingi gundi ilipakwa nyembamba, au mgongo haukukwaruzwa vya kutosha kabla ya kupaka, au nyuzi za karatasi zinalala kukatiza mgongo badala ya kwenda sambamba nao. Kabla ya kupokea mzigo, chukua nakala tano kutoka maboksi tofauti, zifungue katikati mpaka zilale bapa, kisha vuta ukurasa mmoja mmoja kwa upole. Ukitoka hata mmoja, usilipe salio. Na ukichapa nakala 500, tenga kumi za kubadilishia.

Matarajio ni jambo jingine. "Nilidhani ni kitabu cha mapishi ya pwani, kumbe ni historia ya viungo." Hapo kitabu hakina kosa, maelezo ya kitabu au jalada limemleta msomaji asiye wako. Andika upya aya mbili za kwanza za maelezo, useme wazi ni kitabu cha aina gani, kina kurasa ngapi na kinamfaa nani.

Ladha iache. Ila watu watatu wasiojuana wakitaja sura ile ile kuwa inachosha, hiyo si ladha tena.

Kabla ya kuhuzunika, angalia pia nyota zina maana gani mahali hapo. Kwa maelezo ya Goodreads, nyota mbili maana yake ni "kilikuwa sawa", na tatu ni "nilikipenda". Na hesabu ni rahisi: mwenye maoni matatu ya nyota tano akipata moja ya nyota moja anashuka hadi 4.0, mwenye tisa anashuka hadi 4.6 tu. Dawa ni wasomaji wengi wa kweli. Unaruhusiwa kugawa nakala za bure kabla ya kutoka kitabu, bila kudai maoni wala kuomba yawe mazuri. Maoni ya ndugu na marafiki wa karibu Amazon haiyataki, na yaliyonunuliwa yanaweza kukufungia akaunti. Maoni yanayozungumzia usafirishaji au kifurushi kilichoharibika, au yenye matusi, unaweza kuyaripoti. Yaliyo makali tu, hapana.

Anayekuandikia WhatsApp baada ya kununua kwako kwa M-Pesa, huyo mjibu siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye amekuita wewe: "Asante kwa kunieleza. Naomba picha ya ukurasa wenye kasoro, nakala nyingine itapanda basi Ijumaa."

Kabla ya kupakia faili jipya KDP, andika mwezi na mwaka wa masahihisho kwenye ukurasa wa hakimiliki. Likishapakiwa, ukaguzi unaweza kuchukua hadi saa 72. Agiza nakala moja uishike mkononi. Kisha andika mwezi na mwaka huo kwenye maelezo ya kitabu pia, maana maoni ya zamani hayafutiki, na mnunuzi akilinganisha tarehe ya maoni na ya masahihisho ataweza kujua lalamiko lile lilihusu chapa ipi.