Nilivyopata kikaza cha uzi wa E cha Fender Precision ya 1964

Gitaa langu la besi ni Fender Precision, nililouziwa na mzee mmoja aliyepiga muziki wa dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Vikaza vitatu vya nyuzi vilikuwa vya asili, vile vikubwa vyenye masikio mapana (sehemu ya kushika na kuzungusha) yaliyokatwa mfano wa jani la klova, lenye vipande vitatu. Cha nne, cha uzi mnene wa E, kilikuwa kidogo, cha kisasa. Kilishika sauti vizuri tu, ila kiligeuka kinyume cha wenzake. Vikaza vya Fender za enzi hizo vinakaza kwa kuzungushwa upande usiozoeleka leo, na hicho kimoja kilikaza upande wa pili. Uko jukwaani, uzi umeshuka katikati ya wimbo, mkono unakwenda ulikozoea na unazidi kuushusha.

Aliyekifunga simlaumu hata kidogo. Katika bendi nyingi za zamani vyombo vilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chombo kikiharibika kilifungwa kilichopatikana ili dansi la Jumamosi lisikwame. Gitaa lililopita maisha ya namna hiyo likabaki na vikaza vitatu vya kiwandani, mimi nasema limetunzwa sana.

Kabla ya kutafuta chochote nilitaka kujua mwaka kwa uhakika. Namba ya bamba la chuma la nyuma, pale shingo inapoungwa, inaanza na herufi L, na hizo zinaangukia kati ya mwisho wa 1962 na 1965, lakini bamba linaweza kuhamishwa kutoka gitaa hadi gitaa. Kwa hiyo nilifungua skrubu nne za shingo. Kwenye kisigino chake kuna muhuri wa wino: 5 OCT 64 C. Tano ni namba ya Precision, katikati ni mwezi na mwaka wa shingo, na C ni upana wake kule juu nyuzi zinakoanzia, inchi moja na robo tatu. Vikaza vinakaa kwenye shingo, basi tarehe ya shingo ndiyo inayohusika. Vidhibiti vya sauti navyo vilikubaliana: namba yao inaanza na 304, yaani vimetengenezwa na kampuni ya Stackpole, na tarakimu mbili zinazofuata ni 64.

Mwaka huo unakuambia ununue nini. Mpaka katikati ya miaka ya sitini Fender walikuwa wakinunua vikaza vya besi kwa kampuni ya Kluson. CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, waliinunua Fender Januari 1965, na haukupita muda mrefu masikio ya klova yakaanza kuachia nafasi masikio ya duara la yai. Kwa hiyo muuzaji akikuandikia "Fender ya miaka ya sitini", bado hajakuambia kitu.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa kulisoma gitaa lenyewe. Nilipotoa kile kikaza cha kisasa nilikuta alama ya bamba la kikaza cha asili imebaki kwenye vanishi, rangi ndani ya mipaka yake ikiwa mbichi kuliko ya pembeni. Matundu manne ya skrubu yalikuwa yamezibwa kwa njiti na gundi. Tundu kubwa halikuwa limeguswa. Lilivishwa tu pete ya mbao ili mhimili mwembamba wa kisasa usicheze. Nilifuatisha alama ile juu ya karatasi nyepesi, nikapima kwa vernia, kipimo cha sehemu ndogo za milimita, nikalinganisha na bamba la kikaza jirani. Vililingana.

Seti mpya zenye sura ya zamani zipo: Fender wenyewe wanaziuza, Gotoh wa Japani wanatengeneza vya mtindo huo, na jina la Kluson liko chini ya kampuni ya WD Music siku hizi. Kama gitaa langu lisingekuwa na hata kimoja cha asili, ningenunua seti kama hizo bila kusita. Lakini rafiki yangu ana seti ya nakala, na nilipoiweka juu ya karatasi yangu matundu ya skrubu yalipishana kidogo na ya kwangu. Kupishana kidogo ndiko kubaya, maana tundu jipya linakula ukingo wa lile la zamani na skrubu haishiki. Mbao ya 1964 sikutaka kuitoboa. Nikaamua kutafuta kimoja tu, cha asili.

Nilizunguka masoko ya mtandaoni ya Reverb na eBay. Wengi wanauza seti nzima. Kila muuzaji wa kimoja nilimwomba picha ya mgongo ikiwa na rula pembeni, kisha nikauliza kinakaza upande gani, mhimili umenyooka au la, na kimetoka gitaa gani. Swali la mwisho ni la lazima: kwenye magitaa yenye vikaza viwili kila upande wa kichwa, viwili vinakuwa kioo cha viwili, na nusu yake havikufai. Angalia pia rangi. Vya kwangu ni nikeli, iliyofifia na kuingia umanjano. Kromu inabaki na ubluu kidogo, na ikikaa safu moja na nikeli inaonekana toka mbali.

Nilichopata mwishoni hakikuwa na bushi (pete ya chuma inayozunguka mhimili) wala skrubu inayoshika gia. Hata hivyo kilinigharimu zaidi ya seti nzima ya nakala. Ndugu yangu anayeishi Texas alikipokea akaja nacho likizo.

Nilikipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam.

"Shikamoo fundi. Nahitaji skrubu moja ya hapa katikati ya gia."

"Marahaba." Akakigeuza, akaingiza skrubu ya milimita mzunguko mmoja, ikakwama, akaitoa hapo hapo. "Hii thredi ya inchi, kijana. Nikilazimisha nakuulia mhimili. Niletee nyingine kama hii niipime."

Nilifungua ya kikaza cha uzi wa G, akaikereza pacha wake, na kwa bushi ya jirani akapata kipimo cha bushi mpya. Nyumbani nilitoa njiti za zamani, nikaziba kwa vijiti vya mbao ngumu, nikafunga skrubu nne mahali pake pa mwanzo. Sauti ya gitaa haikubadilika, na sikuitarajia ibadilike. Sasa vyote vinne vinageuka upande mmoja.

Kikaza cha kisasa na pete yake vimo kwenye bahasha ndani ya kasha la gitaa, pamoja na karatasi ya vipimo. Mwenye Precision ya miaka hiyo akitaka kulinganisha, nitampa nakala.